Matimba Ndani ya Shairi

Mara ya kwanza kumwona mwenye duara akicheza wimbo unaomshtaki, nilidhani ana roho ngumu kuliko mwamba. Alikuwa katikati ya uwanja pale Masumbwe, kanzu ameipandisha kidogo isiguse vumbi, anatikisa mabega kufuata majembe ya wacheza bugobogobo, ngoma yetu ya kulimia, na anacheka. Mbele yake aliimba mama mmoja mzee, ambaye mwanawe alifia kwenye duara la bwana huyohuyo. Aliimba kwa Kisukuma: wewe mwenye shimo, matimba ya chini umeyapeleka wapi? Umejengea zizi? Umepikia ugali? Niambie basi nikauone moshi wake. Kundi zima likaitikia: yako wapi, yako wapi. Bwana alipochoka kucheza akamtuza yule mama kitenge kipya, akamfunga mwenyewe begani. Watu wakapiga vigelegele.

Ndipo nikamsikia akimuuliza mtu wa pembeni, "Wanaimba nini hawa? Tamu kweli."

Hajui Kisukuma. Ameishi huku kwetu tangu ujana wake, amekula dhahabu yetu, amejenga Shinyanga mjini, na lugha yetu anaijua mpaka kwenye salamu tu. Alikuwa akishangilia mdundo.

Kwa asiyejua migodi: duara ndilo shimo tunaloshukia kuchimba, na matimba ni magogo tunayoyapanga ndani yake ili kuta zisitufukie. Duara lile lilikuwa limezaa vizuri, halafu likapoa. Miti nayo ikawa adimu. Upande wa pili kulikuwa na duara jipya linalohitaji matimba, basi ikatoka amri kwamba ya duara la zamani yang'olewe yakatumike kule. Yakang'olewa. Sisi wanne tulikuwa bado kwenye tawi la chini, njia ya pembeni inayotoka shimoni, tunakusanya mabaki. Nilitoka mimi peke yangu, na mguu wa kushoto ulitoka baada yangu, vipande vipande.

Sitaji majina. Waliokufa wana watoto wanaosoma, na waliowaua wana mwanasheria. Lakini kazi zao nitazitaja, maana kazi haina mwanasheria. Kuna mwenye duara. Kuna msimamizi, ambaye wajibu wake ulikuwa kukaa mdomoni mwa shimo na kujua nani ameshuka na nani ametoka, naye alikuwa kwa mama ntilie. Kuna afisa aliyekuja na buti safi, akachungulia, akaenda kula pilau kwa mwenye duara, kisha akaandika kwamba mvua ndiyo iliyoua. Kilikuwa kiangazi. Ng'ombe walikuwa wanakufa kwa kukosa maji, lakini sisi tuliuawa na mvua.

Mashairi yaliniingia hospitali, kule Kolandoto, mguu ukiwa umening'inizwa kama paja la mbuzi buchani. Kitanda cha jirani alilazwa mzee mmoja mstaafu wa reli, mwenye redio ndogo aliyoilaza juu ya kifua. Kila kipindi cha mashairi kikianza anafumba macho na kuanza kukunja vidole. Mimi shule niliiacha darasa la nne nikachunge, na sikuwa nimewahi kukaa nikasikiliza mashairi. Lakini nililazwa pale, sina pa kwenda, na vile vidole vilinisumbua.

"Shikamoo, mzee. Unahesabu nini?"

"Marahaba. Nahesabu kama ananiibia."

"Nani?"

"Huyu anayesoma. Kila mstari una vipande viwili, na kila kipande kina mizani nane. Akinipa saba, mwizi. Akinipa tisa, mlevi."

Nikaanza kuhesabu naye. Sikuelewa nusu ya maneno, lakini hesabu niliielewa, na nilielewa pia kwamba mwisho wa kila kipande kuna sauti inayorudi ileile, kama mtu anayerudi kugonga mlango uleule. Nilishangaa. Nilikuwa nimekuta jambo lenye matimba. Mtu ameyapanga maneno yashikilie kitu kisianguke, na ukichomoa moja tu unasikia vumbi likidondoka. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kuhesabu kila kinachosemwa, matangazo ya dawa, mahubiri, hata muuguzi akinigombeza.

Nilipopona, kama kuchechemea ni kupona, nilifungua kibanda Masumbwe cha kuchaji simu na kuuza vocha. Simu za watu zilinifundisha mengine. Nikaja kujua kwamba mashairi siku hizi yanaishi kwenye WhatsApp, na kwamba Shinyanga mjini kuna kundi la watunzi. Msimamizi wa kundi alikuwa dada mmoja fundi cherehani, Mwislamu wa pale mjini ambaye babu yake alitokea pwani akapitia Tabora. Anashona magauni ya harusi na kutunga mashairi ya harusi hizohizo. Nilimwandikia, akaniingiza. Akaniita kaka mchimbaji, na kila nilipoleta ubeti akaniletea makosa yangu kwa sauti, huku cherehani ikinguruma nyuma yake.

"Kaka mchimbaji, huu mstari wako wa pili umevaa kiatu kimoja. Kipande cha mwisho kina saba. Kitafutie mwenzake."

Na mlezi wa kundi, anayeheshimiwa kuliko wote, ni nani? Mwenye duara. Kumbe bwana ni mshairi. Tena mzuri, siwezi kumnyima haki yake. Alikuwa na desturi moja iliyompa sifa: shairi lolote la swali likiletwa kundini, atalijibu, na atalijibu kwa vina vilevile vya aliyeuliza. Hajawahi kushindwa. Watu walikuwa wakimtegea vina vigumu makusudi, yeye anavipita kama mtu anayevuka mtaro kwa kanzu bila kuilowesha. Mimi sikumwambia mtu kwamba namjua. Nilikaa kimya nikimsoma. Nilitaka kujua mtu wa namna hii anafikiri nini. Ana mikono inayopanga maneno kwa uangalifu ule, na mikono hiyohiyo ilishindwa kuacha magogo mahali pake.

Yule mama mzee alikuja kibandani kwangu asubuhi moja baada ya ile ngoma. Yeye ndiye kiongozi wa nyimbo za kundi la kulima la kijiji chake. Kiswahili hana. Tukaamkiana, mwangaluka, mwangaluka mayu, yaani mama, akakaa juu ya kreti la soda, akaniuliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Wewe ulitoka mle. Huyu mtu nimemwimbia mpaka sauti imeniparara. Anacheka. Ana moyo wa namna gani?"

Nikamwambia ukweli. Haelewi, mayu. Hajui Kisukuma.

Akacheka mpaka akajishika ubavu.

"Kumbe! Na kitenge akanipa! Sasa alinipa kitenge cha nini?"

"Alikipenda kilio chako."

"Nimemwimbia ng'ombe." Akafuta macho. "Yeye anasikia lugha gani?"

"Kiswahili. Na zaidi ya vyote anasikia mashairi."

"Basi kigeuze wimbo wangu, ukampe kwa hicho anachosikia."

Nikamuuliza anataka nini hasa, kwa sababu kule nyuma ndugu wa marehemu waliwahi kumwendea mwenye duara, akawapa pole na magunia ya mahindi, na swali likafunikwa na mahindi. Akanijibu polepole, kila neno peke yake:

"Sitaki kitu chake. Nataka anijibu nani alisema yang'olewe. Anijibu yeye, kwa maneno yake. Nimechoka kuuliza hewa."

Basi nikaurekodi wimbo kwenye simu. Nikaanza kuugeuza, na hapo ndipo nilipoona kazi.

Wimbo wa jembe hauhesabiwi. Unapumua. Jembe likipanda neno linarefuka, jembe likishuka neno linakatwa. Mahali pengine mama anasema "eee" tupu, na ile "eee" ina uzito kuliko mstari mzima. Utaiweka wapi kwenye mizani nane? Halafu wimbo wa kwetu unataja. Unamtaja mtu kwa jina lake, jina la baba yake na mlima aliozaliwa chini yake, unasema alichofanya, unaendelea. Shairi la Kiswahili nililofundishwa mimi lina adabu nyingine. Linazunguka. Ukitaka kumsema mtu unamwita nyuki, au mto, au jirani wa kufikirika, na wenye akili watajua.

Nikafuata adabu hiyo. Nikafanya kazi nyuma ya kibanda, nikatoka na shairi nililoliona zuri sana. Likaanza hivi:

*Maua yangu shambani, upepo ukayang'oa,*
*Yalianguka majini, mvua ikayazoa.*

Dada fundi alilipenda. "Sasa umevaa suti, kaka," akasema. Nikaenda kwa yule mama na kifua mbele. Nikamsomea kwa Kiswahili asikie mlio, kisha nikamfafanulia kwa Kisukuma, neno kwa neno.

Akaniuliza, "Maua yapi?"

"Ni wale watatu, mayu. Ndivyo wanavyosema kwenye mashairi."

"Mimi sikuzaa ua. Nilizaa mtu mwenye miguu mikubwa, anayekoroma. Na huo upepo umetoka wapi? Ulikuwapo mle chini wewe. Uliuona upepo?"

Aliendelea kupepeta karanga zake, maganda yananirukia.

"Yule wa buti aliandika mvua," akasema. "Wewe umeandika upepo, na mvua umeirudisha. Mnaandika vizuri nyote wawili."

Nilirudi nikachechemea njia nzima na hasira, na zaidi ya hasira nilikuwa na swali. Hivi ni mimi niliyemwachia mwenye duara na kumkamata upepo, au ni shairi lenyewe? Nilikuwa nimekaa kuandika nikiwa na jina lake mdomoni. Nilipoinuka jina halikuwapo, na sikuona lilipopotelea. Kila lilipotaka kuingia, kina kilikuja na neno tamu zaidi, nami nikalipokea. Nikampigia dada fundi nimuulize kama shairi linaweza kusema jambo lenyewe, uchi.

"Linaweza," akasema. "Ila litakuwa na baridi. Na shairi si tusi, kaka. Ukimtukana mtu kundini nitalifuta."

"Swali ni tusi?"

Cherehani ikasimama. "Inategemea anayeulizwa."

"Na nikitaja majina ya waliokufa?"

"Majina ya Kisukuma hayo? Jina moja linakula kipande kizima. Yafupishe, washairi wanafupisha."

Nilipompelekea mama wazo la kufupisha, hakuinua hata kichwa. "Mguu wako waliufupisha," akasema, "jina la mtoto wangu utaliacha."

Basi nikaanza upya, na safari hii nikafanya kama tunavyofanya shimoni: kwanza unapanga miti, ndipo unaingia. Nikachagua neno moja ambalo sitaliachia, *aliyang'oa*, kwa kuwa hicho ndicho kitendo chenyewe. Nikaliweka mwisho wa kila ubeti, liwe kina. Maana yake kila mstari ulibidi umalizikie hapo kwenye *oa*, shairi zima lisiwe na pa kukimbilia. Majina ya wale watatu nikayaweka mwanzoni mwa mistari, mazima, na vitendo vikaja mwishoni kubeba kina. Jina moja lilikuwa na mizani sita. Likaniachia mizani mbili tu za kusema chochote juu ya mtu huyo kabla ya kituo cha kati. Nilizunguka na hizo mizani mbili kutwa, nawapa watu simu zisizo zao. Mwishowe nikaandika kwamba alikuwa *ndani*. Hakuna cha kuongeza. Alikuwa ndani.

Ubeti wa majina siuandiki hapa, nimeshasema sababu. Lakini wa kwanza ni huu:

*Nauliza mhisani, swali moja nalitoa,*
*Watatu wako shimoni, hakuja wa kuokoa,*
*Nyumba yako ya mjini, dari yake bila doa,*
*Matimba yetu ya chini, ni nani aliyang'oa?*

Ile "eee" ya mama haikuingia. Niliitafutia nafasi nikashindwa, na mpaka leo najua iko nje. Nilimweleza. Akasema, "Hiyo iache, hiyo ni yangu." Akanisikiliza nikisoma mpaka mwisho. Aliposikia jina la mwanawe katikati ya Kiswahili alitikisa kichwa mara moja, kama mtu anayemwona mtu wake kwenye umati wa stendi.

Nikalituma kundini kabla ya adhuhuri. Chini yake nikaandika kwamba ni wimbo wa mama mmoja wa Masumbwe, nimeutafsiri mimi.

Majibu yakamiminika, nami nikajifunza jambo lingine. Hakuna aliyeona shimo. Mwalimu mmoja akaandika kwamba hili ni fumbo zito: matimba ni wazazi, shimo ni dunia, mtunzi analia malezi ya siku hizi. Mwingine akamkatalia, matimba ni maadili ya viongozi. Wa tatu akasema ni mapenzi, si mnaona dari bila doa? Ni mke mzuri asiye na utu. Wakabishana kwa adabu, wakapongezana. Yale majina matatu ya watu waliokufa wakayasifu kwamba ni majina ya kubuni yenye ladha ya kienyeji.

Nilitaka kurusha simu. Niliwaona wamekaa juu ya mdomo wa duara lile, wanatafuna kashata, wanajadili giza la chini linawakilisha nini. Lakini sikuandika kitu. Kulikuwa na mtu mmoja tu niliyemngoja, na alama zilionyesha ameshasoma.

Alikaa kimya siku nzima, na ya pili. Watu wakaanza kumchokoza: mlezi leo kakwama! Vina vya *ni* na *oa*, mbona vyepesi, mlezi? Dada fundi akanipigia, sauti ya chini.

"Kaka. Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Ungeniambia."

"Ungelifuta."

Hakubisha. Akasema tu kwamba nyumba aliyopanga kushonea, mwenye nayo ni yeye mlezi. Sikuwa nalijua hilo.

Jibu lilikuja siku iliyofuata, beti tatu. Wa kwanza ulikuwa salamu: *Salamu toka moyoni, mlezi wenu natoa*, na maua mengine ya namna hiyo. Wa tatu ulikuwa dua. Wa kati ndio huu:

*Walinijia mjini, habari wakazitoa,*
*Kazi hakuna tawini, duara limeshapoa,*
*Nikadhani tupu ndani, miti nikaiondoa,*
*Msamaha wa Manani, ndio wa kutuokoa.*

Kundi likashangilia. Mlezi kajibu fumbo kwa fumbo! Mwalimu akaeleza kwamba miti iliyoondolewa ni viboko vya zamani shuleni. Ni dada fundi peke yake aliyegusia kwamba mlezi amerudia *toa* kwenye beti mbili zinazofuatana, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akaniandikia pembeni: mkono ulimtetemeka.

Mimi niliusoma ule mstari wa tatu nikausoma tena. Mpaka leo najiuliza ulitokaje. Yawezekana ni dhamiri, siwezi kuapa kwamba hana. Yawezekana ni sifa, alishindwa kuvumilia kuitwa aliyekwama. Lakini kuna siri ya kazi hii ambayo ninaiwaza zaidi. Nilikuwa nimemfungia njia zote kwa *oa*. Ameshatumia *toa*, ameshatumia *poa*, *okoa* ameiwekea Mungu. Mtu anayetunga anajua jinsi neno lililobaki linavyokaa mlangoni na kungoja. *Ondoa* ilikuwa imekaa pale. Inawezekana alifungua mlango kwa ajili ya kina tu, na ukweli ukaingia umeshika kina mkono. Pilau aliyokula na yule afisa haikumtoa mstari huo, wala kikao cha ndugu, wala magunia ya mahindi.

Nikalipeleka jibu kwa mama. Sasa kazi ikawa kinyume: kutoa shairi kwenye Kiswahili na kulirudisha Kisukuma. Na huko ndiko nilikoona ajabu. Nilipokwenda, nilikuwa na beti tatu. Nilipoanza kumwambia, salamu zikaanguka, kwa kuwa mama aliuliza, "Ananisalimia mimi?" na nikaona hapana, anasalimia kundi. Manani na msamaha wake vikaanguka, kwa kuwa mama alisema, "Sikumuuliza Mungu." Kila nilichokishika kikawa hakina uzito kwenye lugha yetu, kikapeperuka kama yale maganda ya karanga. Mkononi nikabaki na kitu kimoja.

"Anasema aliyaondoa yeye. Watu walimwambia hakuna kazi tena chini. Akadhani hamna mtu."

"Amesema yeye? *Niliyaondoa*?"

"Amesema hivyo."

Mama aliweka ungo chini. Alikaa akiangalia upande wa ng'ombe. Hakulia. Baadaye akasema, siyo kwangu:

"Alidhani."

Kisha akaniuliza, "Mle chini mlikuwa mnaongea?"

"Tulikuwa tunaimba, mayu. Wimbo wako mmoja wa kuvuna mtama. Mwanao ndiye aliyeanzisha."

"Sauti yake ilikuwa kubwa."

"Kubwa sana."

"Basi angesikiliza," akasema. Akainuka kwenda kuwasha moto.

Mwenye duara alinipigia simu mwenyewe siku chache baadaye. Namba yangu ipo kundini. Nilimwamkia shikamoo, mdomo umezoea, sikuweza kuuzuia.

"Marahaba, ndugu yangu. Shairi langu, bibi amelipokeaje?"

Alitaka sifa. Nawaambia niliisikia sauti yake, ilikuwa sauti ya mtu aliyepeleka nguo kwa fundi anauliza imekaaje.

"Ameliingiza kwenye wimbo, mzee."

"Mashallah! Beti zote?"

"Hapana. Mstari mmoja tu."

"Upi?"

Nikamwambia upi. Nikamwambia pia kwamba umeshafika vijiji vya jirani, na kwamba kwa Kisukuma hausikiki kama fumbo.

Nilisikia watoto wakicheza upande wake, na mtu akiuliza kama gari lioshwe. Kisha akasema, taratibu, kwamba shairi ni sanaa, mtu asilichukue kama maelezo ya polisi. Nikamjibu kwamba polisi hatukuwahi kumwona, ndiyo maana tukachukua tulichopata. Akakata.

Jioni ileile dada fundi alinipigia.

"Kaka, nimeambiwa nikutoe kundini."

"Nitoe, dada."

"Na shairi nilifute, na jibu lake."

"Ufute."

"Unanilaumu?"

Nikamwambia simlaumu, na nilikuwa nasema uongo. Yumo kwenye orodha yangu ya wa kulaumiwa, mwishoni kabisa, chini ya msimamizi wa shimo, na nimeandika pembeni yake kwamba ana watoto na kodi ya kulipa. Wote wanayo ya kuandikwa pembeni. Yule afisa nasikia alikuwa mgonjwa wa sukari.

Mvua za kwanza ziliponyesha kundi la kulima lilitoka, nami nikaenda, japo mguu huu haulimi. Nilikaa kwenye kichuguu mwisho wa shamba. Walikuwa wamepanga mstari mrefu, majembe yanapanda pamoja. Mama aliongoza. Alipofika mahali pa kuuliza matimba yako wapi, hakuuliza. Aliimba: niliyaondoa mimi, nilidhani hamna mtu. Na kundi likaitikia: alidhani. Jembe likashuka. Alidhani. Jembe likashuka. Halafu akaivuta ile "eee" yake ndefu, na hakuna aliyelima mpaka ilipokwisha.

Katika ule mstari alikuwamo mjane wa mmoja wa wale watatu, msichana bado, aliolewa mwaka uleule duara lilipofukia. Yeye hakuwa anaimba. Wenzake walipopumzika kunywa togwa alikuja na jembe lake begani mpaka pale nilipokaa.

"Shemeji," akasema, "hayo maneno ni ya mama au ni ya yule mtu?"

"Ya yule mtu."

"Ametamka kabisa?"

"Ameandika. Kwa vina na mizani, hakuna hata moja iliyopungua."

Aliishusha kata ya togwa iliyokuwa mkononi mwake, akaninywesha kwanza mimi, kama inavyofanywa kwa mtu aliyeleta habari kutoka mbali. Kisha akarudi kwenye mstari, akashika nafasi yake, na mama alipoanzisha tena, nikamsikia akiitikia.